Aliyeshindwa Akimbilie Wapi?

Ndugu mwenyekiti, wafugaji wenzangu, na ninyi mliokuja leo kwa sababu tu mume au mke amewaburuta: asanteni kwa kunialika.

Nimeombwa niseme juu ya samaki wa aina moja wanaopigana ndani ya tangi la maji ya chumvi. Ningependa kuanza na utaalamu, lakini itabidi nianze na mauaji. Yalitokea nyumbani kwangu, na muuaji alikuwa samaki mpole kuliko wote niliopata kuwafuga.

Miaka kadhaa iliyopita nilinunua makadinali sita wa Banggai. Mnawajua: samaki wa rangi ya fedha, mikanda mitatu myeusi, mapezi marefu yenye madoa meupe, anayeelea bila haraka kana kwamba ametundikwa kwa uzi. Aliyeniuzia aliniambia, "Hawa hawana neno, wanapenda kundi." Wiki za kwanza alikuwa sahihi. Walining'inia pamoja chini ya jiwe moja, wote sita wakitazama upande mmoja, nami nikawapiga picha nyingi kuliko nilizowahi kuwapiga wanangu. Wiki ya sita wakawa watano. Yule wa kwanza nilimkuta amenasa kwenye mdomo wa pampu, nikailaumu pampu. Wa pili nilimkuta kwenye kona ya juu, karibu na uso wa maji, mkia umebaki miiba mitupu, anahema. Nikayalaumu maji. Nikapima amonia, nikapima chumvi, nikabadilisha robo ya maji. Kila kitu kilikuwa sawa.

Ilibidi afe wa tatu ndipo nikavuta kiti, nikazima taa ya chumba, nikakaa kimya mbele ya kioo kwa nusu saa. Hapo nikaona. Wawili walikuwa wamesimama ubavu kwa ubavu katikati ya tangi, wametulia tuli. Yule mwingine alikuwa kwenye kona yake ya juu. Kila alipojaribu kushuka, mmoja wa wale wawili aligeuka. Hakumkimbiza. Hakumuuma. Aligeuka kumtazama na kutanua mapezi, na yule mnyonge akarudi juu. Dakika mbili baadaye akajaribu tena, akageukiwa tena, akarudi tena. Nikatia chakula. Wawili wakala. Wa kona akala punje moja iliyopotezwa njia na mkondo.

Miezi minne ilipotimia nilikuwa na makadinali wawili, dume na jike, wenye afya njema kabisa.

Nimelifikiria tukio hilo kwa muda mrefu, na yote nitakayosema leo yametoka humo. Sisi wafugaji tunauogopa ugomvi wenyewe: tunaogopa kuumana, kufukuzana, mapezi kuchanika. Lakini ugomvi wa samaki baharini ni kitu kifupi mno. Wanatanuliana mapezi, wanapigana mkwara, mmoja anaona hana ubavu, anaondoka. Mita tano tu, mita kumi, nyuma ya tumbawe jingine, na shauri limekwisha. Kadinali wa Banggai kule kwao Indonesia huishi katikati ya wale viumbe mviringo wa baharini wenye miiba mirefu myeusi kama sindano. Akifukuzwa kwenye fungu moja la miiba, anakwenda kwenye fungu jingine. Mshindi hana haja ya kumuua, kwa kuwa alichotaka ni aondoke, naye ameondoka.

Kwenye tangi anasema "ondoka" na mwenzake haondoki. Hawezi. Kuna kioo. Mshindi anaamka kila asubuhi anamkuta mtu aliyemfukuza jana bado yupo uani kwake, na kwa akili ya samaki hiyo ni dharau mpya. Basi anamfukuza upya. Mnyonge hafi kwa jeraha, anakufa kwa njaa na kwa hofu ya kila saa. Au anapatwa na ugonjwa wa vidoa vyeupe, ule unaoletwa na kijidudu kinachoitwa Cryptocaryon irritans, maana mwili wenye hofu hauna kinga. Mkiona vidoa vyeupe kwa samaki mmoja tu, msiishie kwenye dawa. Ulizeni kwanza nani amekuwa akimkimbiza nani.

Sasa, kwa nini wa aina moja? Kwa nini kadinali haoni shida na kangaja, yule samaki mla mwani, mkubwa mara nne yake, lakini kadinali mwenzake hamtaki?

Konrad Lorenz, mwanasayansi wa Austria aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alipiga mbizi kwenye miamba ya matumbawe ya Florida na akaweka samaki wa miamba hiyo kwenye matangi yake pia. Aliona kile ambacho kila mmoja wetu amekiona sebuleni: samaki anayepita katikati ya aina ishirini bila kujali, humvamia yule mmoja tu aliyefanana naye. Lorenz alidhani zile rangi kali za samaki wa miambani ni kama bendera, tangazo la "hapa pana mwenyewe". Si kila mtafiti aliyemfuata alikubaliana naye kuhusu rangi, lakini lile la kwanza mwenye tangi hana haja ya kubishana nalo. Kangaja anakula mwani. Kadinali anakula vijidudu vinavyoelea. Hao wawili watagombania nini? Kangaja wa pili, huyo ndiye anayetaka mwani uleule, tundu lilelile la kulala, mwenza yuleyule. Kikulacho ki nguoni mwako.

Wako wanaovuka mipaka, sikatai. Kuna damseli, samaki wadogo wa miambani, wanaolima shamba la mwani juu ya mawe na kumfukuza kila mla mwani anayesogea, mpaka mkono wa mpiga mbizi. Hao tuwaache, wana kesi yao.

Mfano mzuri wa bendera ni samaki kitatange anayeitwa Pomacanthus imperator. Akiwa mtoto ni buluu iliyokolea, na mwilini ana duara nyeupe ndani ya duara nyeupe, kama shabaha ya mlenga mishale. Akikua anavaa mistari ya manjano iliyolala na kitambaa cheusi machoni. Ukipewa picha mbili utaapa ni samaki wawili tofauti. Maelezo yanayoaminiwa na wengi ni kwamba mtoto anasafiri na pasipoti ya nchi nyingine: mkubwa akimwona hamhesabu kuwa mpinzani. Mwenye kutaka kuwaweka mkubwa na mdogo pamoja asifurahie mapema. Siku kanzu ya mtoto inapoanza kubadilika, mkataba nao umefika mwisho.

Najua mnangoja methali ya mafahali wawili zizi moja. Kwa samaki klauni methali hiyo haina kazi, maana kwao mwenye zizi ni jike.

Hebu nikae kidogo kwa klauni, kwa sababu nusu yenu mnao, na kwa sababu hakuna samaki anayetufundisha vizuri kuliko yeye. Katika anemoni moja, yule kiumbe wa baharini mwenye minyiri ambaye klauni huishi ndani yake, kuna jike mmoja, ndiye mkubwa kuliko wote. Chini yake kuna dume mmoja wa kuzaa. Chini yao wadogo kadhaa wasiozaa, wamejipanga foleni kwa ukubwa. Jike akifa, dume wake anageuka kuwa jike, na wa tatu kwenye foleni anapanda cheo anakuwa dume. Hans Fricke na Simone Fricke waliliandika hilo mwaka 1977. Kisha mwaka 2003 Peter Buston, aliyewapima klauni wa Papua New Guinea mmoja mmoja, akaonyesha la ajabu zaidi: wadogo hawa wanajizuia kukua. Kila aliye mbele kwenye foleni ni mkubwa kwa karibu robo kuliko anayemfuata, na pengo hilo linalindwa kama mpaka wa shamba. Mdogo akinenepa haraka, anageuka tishio, anafukuzwa kwenye anemoni. Na kwa klauni, kutoka nje ya anemoni baharini ni kuingia mdomoni mwa mwingine.

Kwa hiyo yule klauni mdogo mnayemwona kwenye tangi anabaki hai kwa kubaki mdogo. Amani yao imejengwa juu ya kutolingana. Sisi tunafanya nini? Tunaingia dukani na kuchagua wawili wanaolingana, kwa kuwa wanapendeza macho! Wakiwa bado watoto kabisa wawili hao wataelewana, mmoja atatangulia kukua, mwingine atakubali. Wakiwa wakubwa wanaolingana, kuna uwezekano umeweka majike wawili, na jike wa klauni harudi kuwa dume. Hiyo ni njia ya upande mmoja. Hapo hakuna cha kusuluhisha, mmoja atakufa.

Kosa hili humpata hata mfugaji wa miaka mingi. Jike wake mzee anakufa, anabaki na dume mmoja mpweke. Anamwonea huruma. Anakwenda kumtafutia "mke", anamchagua mkubwa, mnene, mwenye afya. Wakati huohuo yule mjane ndani ya tangi ameshaanza kugeuka jike. Mkimletea mwenza, mleteeni mtoto. Mdogo kadiri mtakavyompata, nusu ya ukubwa wake au chini ya hapo. Ataingia, atatishwa kidogo, atalala ubavu na kutetemeka, na mambo yatakwisha.

Nisimame kwenye huko kutetemeka. Kila mwaka napigiwa simu usiku: "Klauni wangu ana kifafa!" Nauliza, anafanya nini? "Anainama upande, mwili mzima unatikisika, halafu anaacha, halafu anaanza tena." Nauliza, mwenzake yuko wapi? "Yuko mbele yake." Basi lala salama, ndugu yangu. Huyo hana kifafa. Anasema "shikamoo". Mkubwa anatisha kwa kichwa na meno, mdogo anajibu kwa kutetemeka, na ukimya unarudi. Wakati mwingine mtasikia na sauti pia, tik-tik-tik, kama mtu anagonga kucha mezani. Mwaka 2007 Eric Parmentier na wenzake walieleza inatokana na nini: klauni hufunga taya kwa kasi mpaka meno yanagongana. Bandikeni sikio kwenye kioo, mtasikia. Anayepaswa kuwa na wasiwasi ni yule ambaye klauni wake mdogo *hatetemeki*. Huyo ama hajakubali kushindwa, au ameshakata tamaa ya kuomba.

Kwa aina nyingine gurudumu linazunguka kinyume. Anthiasi, samaki wadogo wa miambani waishio kwa makundi, na samaki msafishaji, Labroides dimidiatus, huanza wakiwa majike, na mkubwa wao ndiye dume mwenye nyumba ya wake wengi. Ross Robertson, aliyewachunguza wasafishaji kwenye Great Barrier Reef kule Australia, aliandika mwaka 1972 kwamba dume akiondolewa, jike mkubwa huanza kutembea na kutisha kama dume katika muda wa saa mbili hivi. Saa mbili! Mwili unafuata baadaye, ubabe unatangulia. Kwa hiyo kwa anthiasi, usinunue madume wawili ukidhani unafanya haki. Nunua dume mmoja na majike kadhaa, au majike watupu, nao watamteua wao wenyewe. Na uwalishe mara nyingi kwa siku, kwa sababu anthiasi mwenye njaa ni mgomvi, na wa mwisho kwenye mstari hana akiba mwilini.

Mnaona sasa kwa nini sitaki kuwapa kanuni moja. Aliyenifundisha kazi hii zamani alikuwa na kanuni moja: "weka mmoja mmoja au weka idadi isiyogawanyika kwa mbili." Watatu, watano, saba. Niliiamini mpaka nilipoona damseli wa kijani, Chromis viridis, wakipungua kutoka saba hadi wawili, na saba haigawanyiki kwa mbili mpaka leo. Swali la kuuliza dukani ni hili tu: huyu samaki kule mwambani anaishi na nani? Peke yake, wawili wawili, dume na wake zake, au kundi la mamia? Na la mamia lisitudanganye. Samaki mia moja wanaogawana hasira ya mbabe mmoja si sawa na samaki watano wanaogawana hasira hiyohiyo.

Tufike kwa kangaja, nimeona nyuso kadhaa humu ambazo zimenisubiri.

Kangaja ana kisu. Sisemi kwa mafumbo. Pande zote mbili za shina la mkia ana mwiba mkali uliolala ndani ya mfuo wake, na unafunguka anapopinda mkia. Kwa kangaja manjano, Zebrasoma flavescens, mwiba huo ni mweupe, kana kwamba umewekwa hapo uonekane. Niliwahi kumtia kangaja manjano wa pili kwenye tangi lililokuwa na mwenyewe. Mwenyeji alikuja moja kwa moja kutoka upande wa pili wa mawe. Akasimamisha pezi la mgongoni na la tumboni mpaka akaonekana mkubwa mara mbili. Mgeni naye akafanya vilevile. Wakajipanga kichwa kwa mkia, wakazunguka polepole kama watu wawili wanaopimana kwenye ngoma. Nikadhani wanasalimiana. Kisha mwenyeji akapiga mkia mara moja, mpigo ambao nisingeuona kama nisingekuwa nimeinama karibu. Asubuhi mgeni alikuwa na mstari mweupe ubavuni, mnyoofu kama uliochorwa kwa rula.

Kwa kangaja wa aina moja msimamo wangu ni mkali na sitaomba radhi: mmoja, basi. Anayetaka zaidi awe na tangi kubwa kwelikweli, mimi chini ya lita 500 sithubutu hata kufikiria, na awaingize watatu au zaidi siku moja, saa moja, wote wakiwa wadogo, wote wakiwa wageni. Mtu akiniambia ameweka wawili kwenye lita 300 na wanaelewana, namuuliza, tangu lini? Jibu huwa ni wiki.

Sasa tuje kwenye mikono. Tufanye nini?

Kifaa ninachokipenda kuliko vyote ni sanduku. Ni hili hapa mezani, nimelileta. Plastiki angavu, matundu pande zote ya kupitisha maji, linaning'inizwa ndani ya tangi kwa vibandiko vya mpira. Mgeni anakaa humo na kipande cha bomba la plastiki cha kujifichia. Mwenyeji atakuja, atatanua mapezi, atagonga mdomo kwenye plastiki. Mwacheni agonge. Siku ya kwanza atagonga mpaka mtamhurumia. Siku ya tatu atakuja, atagonga mara mbili, ataondoka. Siku moja atapita akila mwani pembeni ya sanduku bila kugeuza kichwa. Mimi nangoja siku mbili zaidi baada ya hapo. Wengine huchukua siku nne, wengine wiki mbili, na wengine hawaachi, na hao wameniambia jambo la maana kabla hawajaua mtu: kwamba mgeni huyu hana nafasi humu, nimtafutie kwingine. Hiyo ndiyo sababu ninalipenda sanduku. Ni mahali pekee ndani ya tangi ambapo aliyeshindwa hafikiwi.

Kuna namna ya kuligeuza. "Mgeni njoo, mwenyeji apone," tunasema, ila samaki hawaijui methali hii, kwao mgeni akija mwenyeji anaugua kwa hasira. Basi mtie mwenyeji ndani ya sanduku, mgeni azurure. Kwa siku chache mgeni anajifunza matundu yote, njia zote, kona zote za kuchepukia. Mbabe akitoka, anakuta mtaa una mwenyeji mwingine, na yeye ndiye anayeshangaa. Nimemfanyia hivyo samaki gramma mmoja wa zambarau na manjano aliyekuwa hashikiki. Hakugeuka malaika, lakini aliacha kukimbiza mpaka nje ya pango lake.

Kuhamisha mawe kunafanya kazi kwa sababu hiyohiyo, kunafuta mipaka. Ila watu wanasahau upande wa pili. Wenyeji waliozoeana wameshamaliza ugomvi wao. Kila mmoja anajua jirani anaishia wapi, na jirani anayejulikana anavumiliwa kuliko mgeni. Ukivuruga mawe yote unavuruga na amani hiyo. Mimi nagusa upande mmoja tu, ule wa mbabe. Na kama matumbawe yako yameshashika juu ya mawe, usiguse kitu, sanduku linatosha.

Kioo cha kujitazamia? Ndiyo, kinasaidia, hasa kwa kangaja. Bandika kioo nje ya tangi, mwisho wa upande ambao mgeni hayupo, mbabe ataona adui mpya na atashinda huko akipigana na nafsi yake. Saa chache kwa siku, siku mbili tatu. Usikiache, kwa sababu adui wa kwenye kioo hachoki, na samaki wako anachoka.

Mgeni aachiliwe taa zikiwa zimefifia, wenyeji wakiwa wameshiba. Chakula kitiwe sehemu mbili zilizo mbali, kwa sababu mbabe hawezi kuwa kote. Kifuniko cha wavu kiwepo: njia pekee ya kutoka ambayo tangi lisilofunikwa linampa mnyonge ni kuruka, na tunawakuta sakafuni asubuhi. Na wanaojulikana kwa ukorofi waingie mwisho. Hayo mnayajua, nayapita.

Naona mkono kule nyuma. Mama anauliza, utajuaje kwamba sasa ni hatari, si kufukuzana kwa kawaida?

Asante, mama, ndilo swali lenyewe. Usimtazame anayefukuza. Mtazame anayefukuzwa. Akikimbia nusu mita, akajibanza, kisha baada ya dakika akachungulia na kurudi kwenye shughuli zake, hiyo ni siasa ya nyumbani. Akija kula chakula kinapotiwa, hata kwa wizi, ana maisha. Lakini akiwa juu kwenye kona wakati wa chakula, hashuki, anahema kwa haraka, mapezi yamekunjwa, huyo ameshahukumiwa. Usingoje damu. Kwa yule kadinali wangu damu haikutoka hata tone.

Na mkono ukiingia, umtoe mbabe, si mnyonge. Watu wengi wanamwokoa mnyonge, wanamweka kwenye ndoo, anapona, wanamrudisha, anauawa. Mbabe ndiye mwenye eneo. Akikaa nje wiki mbili, eneo halina mwenyewe, naye akirudi anarudi kupitia sanduku kama mgeni mwingine yeyote. Kumkamata bila kubomoa mawe, tumia chupa ya plastiki: kata sehemu ya juu, igeuze mdomo uingie ndani kama faneli, toboa matundu, tia chakula humo, ilaze mchangani. Mbabe huwa wa kwanza kula. Kwa mara moja ubabe wake unatusaidia.

Ila haya yote yanahitaji kitu ambacho wengi hatuna: tangi la pili. Si lazima liwe la kupendeza. Lita 60, chujio, hita, mabomba ya plastiki ya kujifichia, maji ya chumvi yaliyo tayari leo, si yatakayokuwa tayari keshokutwa. Mwenye tangi moja hana namna ya kuamua ugomvi, kazi yake ni kuutazama tu.

Nimalizie kwa wale makadinali wawili. Walizaa. Kwa Banggai dume ndiye anayebeba mayai mdomoni, na watoto wakianguliwa wanaendelea kukaa humohumo siku kadhaa, karibu mwezi mzima baba hali kitu. Kidevu kinavimba kama cha mtu aliyejaza maji mdomoni asitake kucheka. Alipowatema niliwahamishia kwenye tangi lao, watoto kumi na saba, kila mmoja mkanda wake mweusi na mapezi yake marefu, baba mtupu kwa udogo. Wamekua pamoja bila neno. Wananing'inia chini ya jiwe moja, wote wakitazama upande mmoja.

Jana usiku, nilipomaliza kuandika maelezo haya, nilivuta kiti nikakaa mbele yao na taa ya chumba nimeizima. Wawili walikuwa wamesogea kando ya wenzao, ubavu kwa ubavu. Wa tatu aliposhuka kutoka juu, mmoja aligeuka.

Wavu nimeuacha juu ya kifuniko. Nikitoka hapa nakwenda kuwahamisha hao wawili. Sanduku liko hapa mezani, njooni mlishike.